Baada ya Tundu Kuzibwa: Makuzi ya Watoto wa Eastlands Waliozaliwa na Kasoro za Moyo

Mzazi wa Kayole au Kariobangi, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, akiambiwa kwamba mwanawe ana tundu kwenye moyo, kwanza huuliza kama mtoto ataishi. Swali la pili huchukua muda kutamkwa: je, atakaa, atatembea, atazungumza na kusoma kama wenzake? Kwa swali hili majibu yanayozunguka mitaani yanapingana. Wapo wanaosema tundu likizibwa mambo yote yatakaa sawa. Wapo wanaosema watoto wa aina hiyo huzaliwa na akili nzito, hakuna la kufanya. Wengine humgeukia mama: hakula vizuri akiwa mjamzito, anamwacha mtoto deikea kutwa nzima, hamchezeshi. Mwalimu naye humkalisha mtoto darasani wenzake wakikimbia nje, kwa hofu kwamba moyo utasimama.

Kila jibu kati ya haya lina mahali lilipotoka, na baadhi yana utafiti wa miaka mingi nyuma yake. Kinachowapoteza wazazi ni kwamba majibu hayo hutolewa kana kwamba kasoro za moyo ni ugonjwa mmoja, na kana kwamba hatima ya mtoto huamuliwa siku moja, ile ya upasuaji. Ukiyachambua kwa utulivu, unaona kwamba mtoto wa Eastlands hupoteza mengi katika miezi ya kabla ya kugunduliwa na katika miaka ya baada ya kutoka wodini. Vipindi hivyo viwili ndivyo vinavyozungumziwa kidogo zaidi.

Kasoro hazilingani

Kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 8 hadi 10 huwa na kasoro ya moyo. Kiwango hiki hakibadiliki sana kutoka nchi moja hadi nyingine, kwa hiyo hospitali kama Pumwani na Mama Lucy Kibaki haziwezi kukaa muda mrefu bila kuwapata watoto hawa. Takriban robo yao wana kasoro kali inayohitaji upasuaji au tiba nyingine ya haraka ndani ya mwaka wa kwanza.

Kasoro inayoonekana zaidi ni tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Likiwa dogo, mara nyingi hujifunga lenyewe, na mtoto hukua bila dosari yoyote ya akili au viungo. Likiwa kubwa, damu humiminika kwa wingi mapafuni na moyo huchoka. Kasoro ya Fallot ni jambo jingine: njia ya kupeleka damu mapafuni ni nyembamba, hivyo damu yenye upungufu wa oksijeni huingia katika mzunguko wa mwili na kuufikia ubongo. Kali zaidi ni pale mishipa miwili mikubwa inapokuwa imebadilishana mahali, au upande mzima wa moyo haukukua. Hapo mtoto asipopata msaada mapema hufa.

Tuondoe mkanganyiko mmoja unaosikika sana vituoni. Ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi, unaoanza na maambukizi ya koo katika nyumba zilizosongamana, si kasoro ya kuzaliwa nayo. Kwa kawaida humpata mtoto aliyekwisha kufikia umri wa shule, ambaye ubongo wake ulipita miaka ya mwanzo ukipata damu ya kawaida. Kuuchanganya na kasoro za kuzaliwa ni kuchanganya mbichi na mbivu.

Tena kuna watoto ambao moyo ni sehemu tu ya hali pana zaidi. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na kuchelewa kwao kusoma kunatokana hasa na kromosomu. Mama aliyeambukizwa rubela katika miezi ya kwanza ya ujauzito anaweza kumzaa mtoto mwenye kasoro ya moyo, mtoto wa jicho na uziwi kwa pamoja. Kenya ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela mwaka 2016 kwa sababu ya hatari kama hizo. Kwa hiyo ukimwona mtoto wa miaka mitatu mwenye kovu kifuani ambaye bado hazungumzi, kovu hilo haliwezi kukuambia kama tatizo ni moyo, kromosomu au masikio. Ni lazima apimwe vyote, na kipimo cha masikio ndicho kinachosahaulika kwa urahisi.

Hoja ya kwanza: ziba tundu, mengine yatafuata

Hoja hii ina nguvu, na nguvu yake inaonekana kwa macho. Mtazame mtoto wa wiki sita mwenye tundu kubwa akinyonya. Ananyonya kwa pupa dakika chache, anaachia titi, anatweta, jasho limemlowesha paji la uso ingawa chumba hakina joto. Analala kidogo, anaamka na njaa, anaanza upya. Nguvu anazozipata kwenye maziwa anazitumia kupumua. Uzito wake unasimama pale pale, anapata nimonia mara kwa mara, na kila mara anarudishwa nyumbani na dawa za kuua viini bila mtu kuuliza kwa nini kifua cha mtoto huyu hakiponi. Miezi hiyo ndiyo ubongo unapokua kwa kasi isiyorudi tena.

Kwa mtoto mwenye kasoro ya Fallot dalili ni nyingine. Akiwa amejifunza kutembea, utamwona akikimbia hatua chache kwenye ushoroba wa ploti, kisha anachuchumaa na kubana magoti kifuani. Mkao huo huongeza damu inayokwenda mapafuni. Amegundua mwenyewe bila kufundishwa. Watoto hawa, wakikosa madini ya chuma, wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, na wakikaa miaka mingi bila kutibiwa wanaweza kupata jipu la usaha kwenye ubongo. Pigo moja la aina hiyo huondoa uwezo ambao hakuna upasuaji wa moyo utakaourudisha. Hali kadhalika kwa tundu kubwa: likiachwa miaka, mishipa ya mapafu hukakamaa kiasi kwamba kulifunga huwa hatari kuliko kuliacha. Wanaosema upasuaji wa mapema hulinda akili wana haki ya kusema hivyo.

Udhaifu wa hoja hii ulionyeshwa na utafiti uliofanywa mjini Boston, Marekani. Kati ya mwaka 1988 na 1992 walisajiliwa watoto 171 ambao mishipa yao mikubwa ilikuwa imebadilishana mahali. Wote walifanyiwa upasuaji wakiwa wachanga kabisa, katika hospitali yenye kila kifaa, kisha wakafuatiliwa hadi ujana. Mioyo yao kwa jumla ilifanya kazi vizuri, na wengi wao walikuwa ndani ya kiwango cha kawaida cha akili. Hata hivyo, walipofika umri wa miaka 16, karibu theluthi mbili walikuwa wamehitaji msaada wa ziada wa masomo au wa tabia. Shida zao hazikuwa za wazi: kushindwa kutulia kwenye kazi moja, kupanga hatua za jambo, kuelewa michoro na maumbo, kusoma hisia za watu wengine. Mtoto mwenye shida hizo darasani huitwa mvivu au mtundu, na hakuna anayekumbuka moyo.

Utafiti huo ulikuwa na somo la pili. Ulilinganisha njia mbili za kufanya upasuaji: kusimamisha kabisa mzunguko wa damu mwili ukiwa umepoozwa, jambo linalompa mpasuaji nafasi safi ya kufanyia kazi, au kuendelea kusukuma damu kidogo kwa mashine. Watoto waliosimamishiwa damu walionyesha udhaifu zaidi wa viungo mwanzoni. Lakini tofauti kati ya makundi hayo mawili ilififia kadiri miaka ilivyopita, na yote mawili yakabaki nyuma kidogo ya watoto wa kawaida. Kumbe kilichotokea chumba cha upasuaji kilieleza sehemu tu ya yaliyowapata.

Hoja ya pili: ubongo ulikwisha guswa kabla ya kuzaliwa

Picha za ubongo zilizopigwa kwa mashine za sumaku zilieleza sehemu nyingine. Watoto wachanga wenye kasoro kali, waliozaliwa baada ya miezi tisa kamili, walionekana kuwa na ubongo uliokomaa kama wa mtoto aliyezaliwa mwezi mzima kabla ya wakati, na picha hizo zilipigwa kabla ya kisu kuwagusa. Tumboni, moyo wenye kasoro kali hupeleka kwenye ubongo damu pungufu au yenye oksijeni haba, na ubongo hukua polepole. Ongeza hapo vinasaba ambavyo huathiri moyo na ubongo kwa pamoja.

Faida ya hoja hii ni kwamba huondoa lawama zisizo na msingi. Mama hakukosea, daktari hakuharibu. Ila hapa Eastlands inatumiwa vibaya, kwa sababu ubongo uliochelewa kukomaa huelezwa kama ubongo uliokufa. Mtoto akifika mwaka mmoja na nusu bila kutembea, husemwa kwamba hao ndivyo walivyo, na hakuna anayemtuma kwa fiziotherapia. Matokeo yale ya picha yanahusu kasoro kali, ni ya wastani wa kundi, na hayasemi chochote kuhusu mtoto wa Umoja mwenye tundu dogo linalojifunga lenyewe. Ubongo uliochelewa ndio hasa unaohitaji mazoezi ya mapema, ukiwa bado unanyumbulika.

Hoja ya tatu: nyumba na mtaa

Tafiti za nchi mbalimbali zinaafikiana katika jambo hili: elimu ya mama na hali ya uchumi ya nyumba hutabiri maendeleo ya mtoto mwenye kasoro ya moyo, mara nyingine kuliko muda aliokaa kwenye mashine ya upasuaji. Eastlands inaongeza mizigo yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba udumavu ulipungua nchini Kenya kutoka asilimia 26 ya watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2014 hadi asilimia 18. Ni hatua kubwa, lakini mtoto ambaye moyo wake unakula chakula chake chote ndiye wa kwanza kuangukia ndani ya hiyo asilimia 18.

Halafu kuna jaa la Dandora. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti ya watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kufikia au kupita kiwango kilichokubalika wakati ule. Risasi hudhuru akili ya mtoto yeyote, awe na moyo mzima au mbovu. Na mwili wenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza risasi kwa wingi zaidi. Mtoto wa Dandora anayelishwa kwa shida kwa sababu ya moyo, hivyo akakosa chuma, anaingia katika mtego ambao mtoto wa Boston hakuujua. Ndiyo maana takwimu za ng'ambo haziwezi kunakiliwa hapa zilivyo.

Udhaifu wa hoja ya mazingira ni wepesi wake wa kugeuka kuwa shutuma. Mama anayeuza mitumba Gikomba anaambiwa acheze na mtoto, azungumze naye, amwimbie. Ushauri ni mzuri. Ila mama huyo huyo ameshapoteza kipato cha siku nzima akipanga foleni ya kliniki ya moyo katika Hospitali ya Kenyatta, na kesho lazima arudi sokoni mtoto akiwa deikea pamoja na watoto wengine chungu nzima. Ushauri unaompa kazi bila kumpunguzia kazi nyingine utabaki kwenye karatasi. Kama anayeshinda na mtoto ni mlezi wa deikea, basi yeye ndiye wa kufundishwa namna ya kumlisha kidogo kidogo na kumketisha sakafuni afikie vitu.

Kumgundua mapema: faida na gharama

Wataalamu wengi husukuma kipimo kimoja: kifaa kidogo cha mwanga kinachosoma oksijeni, kikifungwa kwenye mkono wa kulia na mguu wa mtoto mchanga. Marekani ilikiingiza katika orodha ya vipimo vinavyopendekezwa kwa kila mtoto mwaka 2011. Hakiumizi, huchukua dakika chache, na huwanasa watoto wenye kasoro kali ambao kwa macho wanaonekana wazima. Kwenye ngozi nyeusi jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa ubluu hauonekani kirahisi usipotazama ulimi na fizi.

Lakini Nairobi kipimo hiki kina masharti. Hufanywa vyema mtoto akishapita saa 24, na wodi zikiwa zimejaa akina mama huruhusiwa mapema. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako oksijeni ya kawaida hushuka kidogo kuliko Mombasa. Vifaa vyenyewe vimeonyeshwa kusoma juu kuliko ilivyo kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kubwa kuliko yote, kifaa hiki hakioni lile tundu la kawaida zaidi, kwa sababu mtoto wa tundu hilo hana upungufu wa oksijeni siku anapozaliwa.

Tundu kubwa hujitokeza baadaye, kati ya wiki ya nne na ya nane, shinikizo la mapafu likishashuka. Ndio wakati hasa mtoto anapoletwa kliniki kwa chanjo ya wiki ya 6, kisha ya 10 na ya 14. Kituo cha afya cha Jericho, Bahati au Makadara humpata mtoto huyu mikononi mwake mara tatu ndani ya miezi miwili, akiwa juu ya mizani. Mstari wa uzito katika kijitabu cha mama na mtoto ukilala badala ya kupanda, swali moja tu linatosha kuanzia: ananyonyaje? Akitweta na kutoka jasho, ahesabiwe pumzi, asikilizwe kifua, apelekwe eko, yaani kipimo cha picha ya moyo. Kama kuna mahali pamoja pa kuweka juhudi za kwanza za kaunti, ni pale penye mizani.

Pingamizi lipo, na ni la haki. Muuguzi mwenye foleni ya akina mama hadi mlangoni hana nafasi ya maswali marefu. Watoto wengi wembamba wana mioyo mizima na wataijaza bure foleni ya eko. Matundu madogo yatagunduliwa, na mtoto ambaye angekua bila kujua atabandikwa jina la mgonjwa. Wengine huuliza pia: kuna faida gani kumgundua ambaye upasuaji wake utachukua miaka? Kwa hili la mwisho jibu liko wazi. Anayesubiri akijulikana hupewa dawa za kuupunguzia moyo mzigo, lishe yenye nguvu zaidi, madini ya chuma na matibabu ya haraka ya kifua. Anayesubiri bila kujulikana hapewi lolote.

Fedha: upasuaji au ufuatiliaji?

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya hospitali ya taifa, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Fundi wa jua kali wa Kariobangi asiye na hati ya mshahara hukadiriwa kipato na kutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, naye mara nyingi hukumbuka mtoto akishaugua. Pengo hilo limekuwa likizibwa kwa michango na hisani; mbio za hospitali ya Mater zimekuwa zikichangisha fedha za kutibu mioyo ya watoto wa familia maskini tangu mwaka 1993.

Katika hali hiyo, wapo wanaosema kila shilingi iende kwenye upasuaji, kwa kuwa watoto wanakufa kwenye foleni. Si rahisi kuwapinga. Lakini hesabu yao ina kasoro: ufuatiliaji wa makuzi hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya upasuaji mmoja, na bila huo hatujui kama upasuaji uliogharimu fedha nyingi ulimpa mtoto maisha aliyotarajiwa. Mwaka 2012 Shirika la Moyo la Marekani lilipendekeza watoto walio hatarini wapimwe makuzi tena na tena, hadi miaka 11 au 12. Sisi tunaweza kuanza na chanjo za miezi 9 na 18, ambapo mtoto huletwa hata hivyo, na ukurasa wa hatua za ukuaji umo tayari katika kijitabu chake.

Vipimo vyenyewe si lazima viagizwe. Watafiti wa Kilifi, wakiongozwa na Amina Abubakar, walitengeneza kipimo cha makuzi kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, kwa vitu ambavyo mtoto wa Pwani anavijua, na kukichapisha mwaka 2008. Mtoto wa Makongeni hatashindwa jaribio kwa sababu tu hajawahi kuona kitu kilichochorwa Boston.

Ugumu uko kwa wa kutibu. Kupima kisha kukosa fiziotherapia au mtaalamu wa usemi ni kumpa mzazi jina la ugonjwa na kumwacha njiani. Taasisi ya Elimu Maalumu ya KISE iko Kasarani, na vituo vya serikali vya tathmini ya elimu vipo, lakini mzazi aliyetoka kliniki ya moyo hafiki huko kama hakuna aliyemwelekeza. Moyo uko chini ya wizara moja, darasa chini ya nyingine.

Uwanjani na darasani

Hofu ya mwalimu ina msingi kwa wachache: watoto wenye mapigo yasiyo na mpangilio, shinikizo kubwa la mapafu, au wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hao wana mipaka, na mipaka hiyo huandikwa na daktari. Wengi waliobaki, hasa ambao tundu lao limefungwa vizuri, wanaruhusiwa kukimbia, na wanahitaji kukimbia. Mtoto aliyewekwa ndani miaka mitatu huchelewa viungo kwa sababu hakuvitumia, kisha kuchelewa huko kunahesabiwa kuwa ni moyo.

Kosa la upande wa pili ni kumhamishia katika kitengo maalumu mtoto ambaye shida yake ni kutotulia tu. Kwa wengi inatosha kuketi mbele, kupewa maelekezo hatua moja baada ya nyingine, na kuongezewa muda. Mwalimu mwenye darasa lililofurika anaweza kufanya mawili kati ya hayo bila shilingi moja, mradi ajue ni mtoto gani.

Mizani inaelemea wapi

Kwa mtoto mwenye tundu dogo, hoja mbili za kwanza hazimhusu sana. Aachwe akue, moyo ukikaguliwa kwa vipindi. Kwa mwenye tundu kubwa, hoja ya kwanza ndiyo nzito zaidi: kila mwezi wa kungoja unakula uzito na ubongo, na mizani ya wiki ya sita ina thamani kuliko mashine yoyote mpya. Kwa mwenye kasoro kali, hoja ya pili ndiyo inayopasa kuongoza, na maana yake ya kweli ni kwamba mazoezi ya viungo na usemi yaanze kabla kuchelewa hakujaonekana. Ile ya tatu inawahusu wote, hasa walio jirani na jaa.

Kinachowezekana mara moja, bila sheria mpya, kiko katika barua ambayo mzazi hupewa mtoto anaporuhusiwa kutoka wodini. Barua hiyo hueleza tundu, mshono na dawa. Iongezwe mistari minne: tarehe ya kupimwa masikio, tarehe ya kupimwa makuzi na jina la kituo, michezo anayoruhusiwa, na mambo ambayo mwalimu anapaswa kuyaangalia atakapoanza shule.